Gitaa Langu Lina Namba Mgongoni

Mwezi uliopita nililipa shilingi 14,000 kwa gitaa ambalo halikuwa linatoa sauti. Mamangu bado anauliza ni nani aliyeniroga. Nililipata Kangemi, kwa familia iliyokuwa inasafisha stoo ya marehemu guka wao. Mjukuu aliyeniuzia ni rika langu kabisa, na alitaka tu litoke pale kabla mchwa hawajamaliza kazi. Nikalifunga na leso, nikapanda matatu ya 23 hadi tao, nimelikumbatia kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Ni gitaa la umeme, jekundu katikati na jeusi kwenye kingo. Jina la kampuni halipo. Kichwani kuna matundu mawili ya skrubu, ishara kwamba kulikuwa na kibandiko kikang'oka. Nyuma, pale shingo inaposhikana na kiwiliwili, kuna bamba la chuma limeandikwa Steel Reinforced Neck, Made in Japan. Namba ya kiwanda hakuna. Ukiwa na Fender ya Marekani unaweza kusoma namba na kukisia mwaka, lakini haya ya Kijapani ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 yalitoka viwandani kwa maelfu, kiwanda kimoja kikitengenezea majina chungu nzima. Kwa hivyo cheti cha kuzaliwa, sahau.

Mgongoni kulikuwa na kitu kingine. Mtu alikuwa amechukua brashi na rangi nyeupe ya mafuta akaandika NO. 4, kubwa, bila hata kujali kama imenyooka. Mimi nikaona ni uchafu. Kuna msee Kawangware anayepiga spray matangi ya bodaboda, nikampa deposit ya 500 alipake gitaa upya, mgongo wote, liwe safi la kupigia picha.

Kabla ya rangi nilitaka kwanza liongee. Luthuli Avenue, orofa ya pili, kuna fundi wa redio ambaye hakunicheka. Alifungua bamba la mbele, akanusa kwanza, halafu akaniita nisogee. Kama hujawahi kuona ndani ya gitaa la umeme, utashangaa jinsi kulivyo na vitu vichache. Chini ya nyuzi kuna pikapu, si ile ya kubeba kabeji kwenda Wakulima, bali sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya ule waya. Unapitia kinobu cha volyumu, unatoka hadi kwenye amplifaya, unakuzwa, na spika inaurudisha kuwa sauti. Basi. Hakuna betri wala chipu.

Langu lina pikapu mbili. Ya karibu na shingo ilikuwa nzima. Ya pili ilikuwa imekufa, na fundi akanionyesha kwamba haikuwa mara yake ya kwanza kufa. Waya wake ulikuwa na rangi tofauti na wa mwenzake, umezungushwa kwa mkono, umefungwa na utepe wa kitambaa. Kinobu cha volyumu kilikuwa cha redio ya zamani. Nati, kile kipande kinachoshika nyuzi pale juu shingoni, kilikuwa cha mfupa uliochongwa na kisu. Fundi akasema aliyefanya hiyo kazi alikuwa mtu wa redio kama yeye. Tundu la kuchomekea waya ndilo lilikuwa limeliwa na kutu, na hapo ndipo sauti ilikuwa inakatikia. Alilehemu waya mbili na kubadilisha tundu, nikamlipa 1,200.

Sauti ya kwanza gitaa langu lilitoa ilikuwa mngurumo. Mmmmmm. Huo ni umeme wa Kenya wenyewe, unaogeuka mara 50 kila sekunde, na pikapu za aina hii zinaunasa hewani kama antena. Ukigusa nyuzi kwa mkono unapungua. Nilikaa pale nikigusa na kuachilia kama mjinga, hadi fundi akaniambia niende nikagusie kwetu.

Sasa, jirani ya shangazi yangu huko Kawangware ni mzee aliyetoka Tanga miaka ya sabini na kupiga gitaa la ridhimu kwenye vilabu vya Nairobi hadi vidole vikakataa. Nikampelekea. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Kiswahili chenu hiki mnakivunja, lakini salamu unayo." Alilishika, akalipima uzito, akaligeuza. Alipoona ile NO. 4 alicheka kicheko ambacho hakikuwa cha furaha.

Akaniuliza: kwani wewe unafikiri gitaa lilikuwa la mpigaji?

Kusema ukweli, ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Ukiangalia zile picha za nyeusi na nyeupe, jamaa amevaa suti, nywele imechanwa, ameshika gitaa linang'aa, unaona mtu na gitaa lake. Mzee akanifundisha neno moja ambalo limebadilisha jinsi ninavyosikiliza zilizopendwa zote: mwenye vyombo. Vyombo ni magitaa, ngoma, maikrofoni, amplifaya. Mwenye vyombo ni yule aliyevinunua, na mara nyingi hakuwa mwanamuziki. Klabu aliyopigia yeye, alisema, ilipaka namba kila kitu, viti, spika, magitaa, na usiku bendi ikimaliza, askari wa mlangoni alihesabu kabla mtu hajatoka. Mpigaji alienda nyumbani mikono mitupu.

Nikaanza kurudi nyuma kwenye historia nikiwa na hilo swali moja. Na likafungua milango.

Chukua mwanzo wenyewe. Gitaa kavu lilienea hapa baada ya Vita vya Pili, na waliolipiga walikuwa nalo, lao. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alipiga kwa kidole gumba na cha shahada akasikika kama watu wawili, na hakuhitaji klabu wala stima. Umeme ndio ulileta bili. Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyekuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la Waingereza vitani, ni miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kushika gitaa la umeme, na ona alikoishia: studio za Nairobi, akiwa fundi wa mitambo ya kurekodi. Hata Mwenda na mwenzake Edouard Masengo walipoletwa Nairobi, aliyewaleta alikuwa Mwingereza, Peter Colmore, na kazi mojawapo ilikuwa kutangaza dawa ya maumivu, Aspro. Gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao. Na amplifaya, spika na studio vilikuwa mikononi mwa wachache sana.

Miaka ya 1960 wachache hao walikuwa ni pamoja na Equator Sound ya Charles Worrod, hapa Nairobi. Bendi yake ya studio ilikuwa na majina ambayo shosho wako anayajua: Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Walikuwa waajiriwa. Mwaka 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, liliurekodi upya wimbo wa Kabaka "Helule Helule" na ukaingia kwenye chati za kwao. "Malaika" wa Fadhili ulizunguka dunia nzima, kutoka kwa Miriam Makeba hadi Boney M, na hadi leo watu wanabishana nani aliutunga kwanza. Hatubishani hivyo kuhusu nani alikuwa mwenye studio. Hiyo iliandikwa kwenye karatasi.

Halafu ikaja miaka ya 1970, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo inayonihusu. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliingia Nairobi na bendi iliyokuja kujulikana kama Simba Wanyika. Mwaka 1978 sehemu nzima ya chini ya bendi ikaondoka: Omari Shabani wa ridhimu, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa ngoma. Wakaungana na John Ngereza, wakaitwa Les Wanyika. Sisi husimuliwa hii kama hadithi ya ugomvi wa ndugu na majina ya Wanyika yanayochanganya kichwa. Lakini hebu fikiria hiyo safari kama mfanyakazi. Unaacha bendi iliyo na kazi. Vyombo vinabaki. Una ridhimu bora zaidi mjini na iko kwenye vidole vyako tu, kwa sababu kila kitu kingine unatafuta upya. Walifanya mazoezi kwa miezi kabla ya kusimama jukwaani. Halafu wakatoa "Sina Makosa", ambao ukiuweka leo kwenye harusi yoyote kutoka Lavington hadi Kawangware, watu wanainuka.

Usikilize na earphones. Wacha sauti, wacha solo. Sikiliza gitaa la katikati, lile linalozunguka bila kuchoka kama mtu anayesuka mkeka. Hilo ndilo la mtu wa ridhimu, na hakuna anayemkumbuka jina.

Tanzania hali ilikuwa hiyo hiyo, mwenye vyombo tu ndiye tofauti. Huko bendi nyingi zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya vijana wa chama tawala, Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la magari na teksi, halafu mwaka 1983 ikahamia kwa shirika la maendeleo la jiji, DDC. Bendi inahamishwa mwajiri kama idara. Na mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliivunja bendi yake, Orchestra Safari Sound, akaunda nyingine, na kuwang'oa Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka kutoka Mlimani. Mashabiki waliita usaliti. Mimi siwezi kumlaumu mtu anayefuata mahali penye vyombo na mshahara, sijui wewe.

Ndiyo maana wazee wakituambia ati wao walikuwa na nidhamu ya kupiga vyombo halisi na sisi tunabonyeza laptop, huwa nanyamaza kwa heshima lakini moyoni nakataa. Dogo wa Kangemi mwenye laptop ya mitumba ana kitu ambacho nyota wengi wa miaka ya sabini hawakuwa nacho: akikasirika anaweza kuondoka nacho. Sawa, nyimbo zake ziko kwenye mtandao wa mtu mwingine, na hiyo ni stori ya siku nyingine.

Nikamuuliza mzee swali lililokuwa linaniuma. Kama gitaa lilikuwa la klabu, guka wa Kangemi alilipataje? Aliliiba? Mzee alikaa kimya muda mrefu, akasema klabu zilipoanza kufungwa, wakati disko ilipoingia na kanda feki zikaua sahani, wenye vyombo wengi walikuwa wanadaiwa mishahara ya miezi. Kuna waliobeba spika, na kuna waliobeba gitaa. Akasema polepole kwamba yeye alibeba viti viwili, na akaonyesha kimoja. Nilikuwa nimekikalia.

Sikulala vizuri. Jumamosi nikarudi Kangemi. Nilitaka kuwaambia kwamba hilo gitaa si takataka ya stoo, na kwamba wakilitaka wanirudishie 14,000 yangu tu, ile ya fundi nitaimeza. Mjukuu aliniangalia kama mtu aliyekunywa kitu. Shosho yake ndiye alinielewa. Akaketi, akauliza kama bado lina ile namba. Nikaligeuza.

Alisema analikumbuka siku lilipoingia. Mumewe alikuja asubuhi, limo ndani ya gunia la mahindi, na muhula ulikuwa unafunguka wiki hiyo hiyo. Gitaa likaja, karo haikuja. Alilichukia miaka mingi. Watoto wawili walikaa nyumbani muhula mzima, na mzee naye hakuwa na amplifaya, kwa hivyo alikuwa anakaa nje jioni akilipiga likitoa kasauti kadogo ka nyuzi tu. Ile pikapu alizungusha waya yeye mwenyewe, kazi aliyojifunza baadaye kwenye duka la redio. Kwa hivyo yule mtu wa redio alikuwa ni guka. Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo.

Gitaa alikataa kulichukua. Akasema yeye hana mahali pa kuliweka, na pesa ilishanunua mabati. Lakini namba isitolewe.

Nikampigia yule msee wa spray nikamwambia kazi imekufa. Amekataa kurudisha 500, kwa hivyo baiskeli ya ndugu yangu mdogo sasa ni nyekundu ya kung'aa, na tumemalizana. Pikapu ya pili bado sijaitengeneza. Waya wa guka umekatika mahali pamoja, na fundi wa Luthuli anasema anaweza kujaribu kuuunga bila kuutoa wote, lakini hatoi ahadi. Nimemwambia ajaribu.

Kabla sijaondoka Kangemi, shosho aliniambia nipige kitu. Kitu pekee ninachojua ni mzunguko wa ridhimu niliofundishwa na mzee wa Kawangware, baa nne zinazorudi. Nikapiga bila amplifaya, pale nje, nikakosea mara mbili. Alisikiliza hadi mwisho, akasema mumewe alikuwa anapiga haraka kuliko hivyo.