Kigari Kidogo Juu ya Njia Kubwa

Mhariri ameniomba niandike jambo la historia lisilohusu siasa wala kazi yangu ya ofisini. Nimechagua vigari vya umeme vya kuchezea, vile vinavyokimbia vikiongozwa na mfuo, kwa sababu humo limo jambo linaloihusu shule yetu.

Aliyevipa umaarufu ni Mwingereza Fred Francis. Kampuni yake, Minimodels, ilikuwa ikiunda vigari vya bati vinavyokwenda kwa springi, vilivyoitwa Scalex. Mwaka 1957, katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate, alivionyesha vikiwa na mota, akaviita Scalextric. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa kwa Lines Brothers.

Kila mstari wa njia una mfuo, na kando ya mfuo mna vyuma viwili vinavyopitisha umeme. Chini ya gari kuna ulimi unaoingia mfuoni, na pande zake mbili nyuzi za metali zinazogusa vyuma. Usukani hakuna. Mchezaji hushika kidhibiti tu, akazidisha au kupunguza mwendo. Akizidisha penye kona, gari hutoka njiani.

Skeli iliyozoeleka Uingereza ikawa 1:32. Wamarekani wengi walipenda magari makubwa zaidi ya 1:24, nao katika miaka ya 1960 walijengewa kumbi za kukimbizia kwa malipo. Wakati huohuo, mwaka 1960, kampuni ya Aurora ya New York ilileta vigari vya kukaa kiganjani. Basi, kila mwenye njia ya skeli moja na gari la skeli nyingine akajiuliza: je, litapita?

Watu hudhani ni kasoro kuweka gari dogo juu ya njia kubwa. Mimi nasema kasoro iko upande wa pili, na hesabu ni ya kidato cha kwanza. Njia ya kawaida ya Scalextric ina upana wa milimita 156, yaani 78 kwa kila mstari. Kwa gari la 1:32, mstari huo ni sawa na mita 2.5 za barabara halisi. Dereva yeyote wa lori atakuambia hapo hapapitiki kwa raha. Weka gari la 1:43, mstari uleule unakuwa mita 3.35. Hiyo ndiyo barabara tunayoijua. Carrera ya Ujerumani, iliyoanza kuuza njia zake mwaka 1963, leo huuza magari ya 1:24 na ya 1:32 kwa njia moja yenye upana wa milimita 198, na hakuna anayelalamika.

Linaloamua si ukubwa wa bodi. Ulimi usiguse sakafu ya mfuo wala usilegee mno, na nyuzi zifike kwenye vyuma. Ndiyo maana vile vigari vidogo kabisa vya Aurora havifai: pini yao ni fupi, na viguso vyao haviangukii mahali pake. Gari la 1:43 likiwa jepesi mno huruka. Kipande kidogo cha risasi, kikigandishwa karibu na ulimi, hulituliza.

Sasa nieleze kwa nini nimeyasema haya. Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 tunalikumbuka sanduku la njia ya Scalextric katika stoo ya maabara ya fizikia. Kwa njia ile ndipo wengi wetu tulipoelewa ukinzani wa umeme, maana ubao peke yake ulikuwa umetushinda. Magari yake ya 1:32 yamekufa yote, na nasikia kuna wazo la kulitupa sanduku ili kupata nafasi. Ndugu zangu, kilichokufa ni magari. Njia ingali nzima, ila chuma kimeshika kutu kwa hewa ya chumvi.

Wanafunzi wa klabu ya fizikia waanze kwa kusugua vyuma kwa raba ya kufutia, wasitumie steliwaya, kwani nyuzi zake hubaki mfuoni na kuleta shoti. Transfoma iwe ya volti 12, na fundi aikague kwanza. Siku ya mkutano wetu nitakuja na magari mawili ya 1:43 na vipande vya risasi. Mwenye kidhibiti cha zamani nyumbani na aje nacho.