Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, Dodoma: alama za jengo na vyombo vyake

Kanisa la askofu mkuu wa Kanisa Katoliki Dodoma. Somo wake, Paulo wa Msalaba (1694–1775), aliasisi Shirika la Mateso, ambalo wamisionari wake kutoka Italia waliihudumia Dodoma tangu miaka ya 1930. Dodoma ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014.

Kama katika makanisa yote Katoliki, altare ndiyo kiini. Humwakilisha Kristo mwenyewe, ndiyo maana padri huibusu na askofu huipaka krisma anapoitabaruku. Misalaba mitano inayochongwa juu ya altare za kale ni madonda matano ya Yesu. Taa isiyozimwa karibu na tabernakulo huashiria kuwapo kwa Ekaristi. Kisima cha ubatizo ni kaburi na tumbo la uzazi kwa pamoja. Kiti cha askofu, hata kikiwa cha mbao za kawaida, ndicho kinacholifanya kanisa liwe kuu. Ukubwa wa jengo hauhusiki.

Vituo 14 vya Njia ya Msalaba vina uzito wa pekee hapa: wanashirika wa Shirika la Mateso huweka nadhiri ya kueneza kumbukumbu ya mateso, na nembo yao ni moyo wenye msalaba juu yake.