Umeme wa Gari si wa Bure

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi, ya kwanza kuchajiwa tena. Gari la petroli lilikuwa bado. Lilipokuja, likawashwa kwa hendeli iliyovunja mikono ya watu. Cadillac ya 1912 ikaleta stata ya umeme, jamaa wakapumua. Lakini nani aijaze betri? Injini ileile! Mwaka 1960 Chrysler wakatia alteneta kwenye Valiant, mzigo ukabaki kwa injini. Unabisha? Egemeza dainamo ya baiskeli kwenye tairi, uone pedali zinavyokuwa nzito. Na injini hupoteza sehemu kubwa ya petroli kama joto. Ndiyo maana baadhi ya wanaobana petroli hufungua mkanda wa alteneta, wakachaji betri nyumbani. Safari ikirefuka, betri huwaishia njiani. Taa za gari, ndugu msomaji, hunywa petroli.