Usiku na mashahidi wake: historia ya kupima tiba ya pumzi zinazokatika usingizini

Leo nakualika Rexdale, pembe ya kaskazini-magharibi ya jiji la Toronto nchini Canada. Mtaa huu ulipewa jina la mjenzi Rex Heslop, aliyeanza kuuendeleza katika miaka ya 1950, na hii leo ni maskani ya watu kutoka Somalia, India, visiwa vya Karibiani na kwetu Afrika Mashariki. Uwanja wa ndege wa Pearson uko jirani, na wengi hapa hufanya kazi za zamu: madereva, walinzi, wauguzi.

Katika nyumba moja ya ghorofa, mzee mwenyeji wa Mombasa, dereva wa miaka mingi, alinionyesha mashine ndogo iliyokaa kando ya kitanda chake.

"Mwanangu," aliniambia, "kila asubuhi kioo hiki chaniambia nimelala vyema. Mbona basi nikisimama kwenye taa nyekundu macho yafumba yenyewe?"

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa maradhi haya, hata anayekilalia hajui. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, oksijeni hushuka katika damu, na ubongo humshtua mtu ili avute pumzi, mara kadhaa kwa saa, pasipo yeye kukumbuka lolote. Hivyo basi, historia ya tiba hii ni historia ya kumtafuta shahidi wa usiku.

Shahidi wa kwanza alikuwa jicho la mtu mwingine. Mwandishi wa Kiingereza Charles Dickens, katika riwaya yake ya Pickwick iliyotoka kati ya 1836 na 1837, alimchora kijana mnene aliyesinzia hata akiwa kazini. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani waliazima jina la riwaya hiyo walipomweleza mgonjwa aliyepitiwa na usingizi akicheza karata, naye ameshika karata za ushindi. Walakini, ilikuwa mwaka 1965 ndipo watafiti wa Ufaransa na Ujerumani, wakirekodi usingizi usiku kucha, walipoona kwamba pumzi zenyewe zilikuwa zikikatika.

Shahidi wa pili akawa hesabu. Katika miaka ya 1970, Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliyapa maradhi haya jina la kitabibu na kuanza kuhesabu mikatiko kwa kila saa ya usingizi. Kwa watu wazima, chini ya 5 huhesabiwa kuwa kawaida. 30 na zaidi ni hali kali.

Tiba nayo ilikuwa ngumu. Kwa wagonjwa mahututi, dawa ilikuwa kutoboa koo. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alitangaza katika jarida la Lancet kwamba amewatibu wagonjwa 5 kwa kusukuma hewa puani mfululizo, hewa ambayo huizuia njia ya koo isizibe. Hiyo ndiyo mashine iitwayo CPAP. Tiba ikahamia nyumbani, na daktari akabaki hospitali. Nani sasa angesema kama inafanya kazi?

Mgonjwa mwenyewe aliulizwa kwanza. Mwaka 1991 Murray Johns wa hospitali ya Epworth, Melbourne, alitunga maswali 8 kuhusu kusinzia mchana: ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa ndani ya gari lililosimama kwenye foleni. Alama ni 24, na zaidi ya 10 ni dalili ya kuangaliwa. Lakini mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliweka ndani ya mashine kifaa cha kurekodi ambacho wagonjwa hawakukijua. Asilimia 60 walidai kuitumia kila usiku. Kati ya 35, ni 16 tu waliofikisha saa 4 katika asilimia 70 ya siku. Kipimo hicho cha watafiti, saa 4 kwa asilimia 70, mwaka 2008 kikawa sharti la bima ya wazee ya serikali ya Marekani. Mstari uliochorwa kwa ajili ya utafiti ukageuka kuwa sheria ya malipo.

Toronto yenyewe ilitoa fundisho kubwa zaidi. Mwaka 2005 daktari Douglas Bradley na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 258 wa moyo, ambao pumzi zao zilikatika kwa sababu ubongo haukutoa amri ya kupumua. Mashine ilipunguza mikatiko, lakini haikurefusha maisha. Mwaka 2016, utafiti mwingine wa watu 2,717 wenye maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, waliozibwa koo usingizini, ulionyesha kwamba mashine haikupunguza mashambulizi ya moyo wala kiharusi, ingawa ilipunguza kusinzia. Hao walivaa barakoa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku.

Na yuko shahidi anayetuhusu sisi hasa. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kwa mwanga, kilichotokana na ugunduzi wa Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, hutumiwa pia katika vipimo vya usingizi nyumbani. Desemba 2020, watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi hospitalini kifaa hiki kilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Namba nzuri kwenye ngozi nyeusi yastahili kuulizwa mara ya pili.

Turudi Rexdale. Serikali ya jimbo la Ontario humlipia mkazi anayestahili asilimia 75 ya bei ya mashine, lakini haimlipii mtu wa kumsomea kioo kila asubuhi. Mzee wetu alipopeleka kumbukumbu za mashine kliniki, fumbo likafumbuka. Mikatiko ilikuwa chini ya 5, kweli. Ila barakoa ilikaa usoni kwa saa 3 tu, kisha akaivua usingizini bila kujua. Kioo hakikudanganya. Kilitoa ushahidi wa saa kilizokuwapo, na kikanyamaza kuhusu zilizobaki.

"Kumbe nilimuuliza shahidi aliyeondoka mapema," alisema akicheka.

Ndiyo maana shahidi mmoja hatoshi. Saa za kuvaa, mikatiko iliyosalia, hewa inayovuja kando ya barakoa, kauli ya mwenzi wa kitandani, na macho ya mchana: hao wote wasikilizwe pamoja, mbele ya daktari. Na anayesinzia kwenye usukani asingoje hukumu; aegeshe gari kwanza, namba atazisoma baadaye.

Hadi hapo, msikilizaji, natia nanga. Alamsiki.