Wakili wa Port Louis: kazi yake ni nini, na anamtumikia nani

Msafirishaji mwenye malori yanayobeba shaba kutoka Lubumbashi hadi bandari ya Dar es Salaam anaweza kukuta kwamba anayemlipa si mgodi wenyewe, bali ni kampuni iliyoandikishwa Port Louis, mji mkuu wa Mauritius. Mfanyabiashara wa Nairobi au Kigali anayekopa kutoka mfuko wa uwekezaji naye anaweza kukuta jina la mji huo kwenye mkataba. Mara nyingine mkataba huambatana na barua yenye muhuri wa ofisi ya mawakili ya huko. Wengi huichukua barua hiyo kuwa dhamana ya malipo, jambo ambalo si kweli. Makala hii inaeleza kazi za wakili huyo na mipaka yake.

KITUO CHA FEDHA CHA NG'AMBO

Kituo cha fedha cha ng'ambo ni mahali ambapo makampuni huandikishwa na kusimamiwa, huku biashara yenyewe ikifanyika katika nchi nyingine. Mauritius, kisiwa kilichoko mashariki ya Madagaska, iliingia katika shughuli hiyo kwa sheria ya mwaka 1992. Nchi hiyo ni mwanachama wa COMESA na pia wa SADC, na saa zake ziko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa moja tu.

Kampuni yenye leseni ya biashara ya kimataifa nchini humo husimamiwa na kampuni ya usimamizi iliyopewa kibali na Tume ya Huduma za Fedha, iliyoanzishwa mwaka 2001. Kampuni hutakiwa kuwa na wakurugenzi wasiopungua wawili wanaoishi Mauritius, akaunti kuu ya benki huko huko, na hesabu zinazokaguliwa huko. Ndiyo maana mkurugenzi anayetia saini mkataba wa malori anaweza kuwa mtu ambaye hajawahi kuuona mgodi.

AINA TATU ZA WANASHERIA

Sheria ya Mauritius ni mchanganyiko. Waingereza walikitwaa kisiwa kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810, lakini sheria ya madai ya Kifaransa ilibakia. Hadi leo mikataba na mali hufuata kanuni za Kifaransa, wakati sheria za makampuni na uendeshaji wa mahakama hufuata Kiingereza. Rufaa ya mwisho huamuliwa na Baraza la Faragha la London. Wakili wa huko hana budi kuzimudu lugha zote mbili, na wengi wamesomea Uingereza au Ufaransa.

Wanasheria wamegawanyika makundi matatu. Wakili wa mahakamani, aitwaye avocat, hushauri na kutetea kesi. Avoué huandaa na kuwasilisha hati za kesi. Notaire huandika hati rasmi kama za mauzo ya ardhi na rehani. Kwa hiyo anayetaka kufungua kesi Port Louis huenda akahitaji wanasheria wawili, na gharama huongezeka. Ofisi za mawakili za kigeni zinaruhusiwa kujiandikisha, lakini hushauri juu ya sheria za kwao na za kimataifa. Sheria ya Mauritius huachiwa wenye leseni ya huko.

KAZI ZA KILA SIKU

Wakili wa kituo hiki haonekani sana mahakamani. Siku yake hupita katika kuandaa katiba za makampuni, maazimio ya wakurugenzi, mikataba ya wanahisa na hati za mikopo. Huangalia kama kampuni imelipia leseni yake, na kama mali zake zimewekwa rehani kwa mtu mwingine.

Kazi yenye uzito kuliko zote ni barua ya maoni ya kisheria. Katika barua hiyo wakili huthibitisha kwamba kampuni ipo kisheria, kwamba ina uwezo wa kuingia mkataba husika, kwamba azimio limepitishwa ipasavyo, na kwamba aliyetia saini alikuwa na mamlaka hayo. Ikiwa wakili amekosea, ofisi yake inaweza kudaiwa na yule aliyeandikiwa.

Lakini barua hiyo haisemi kwamba kampuni ina fedha. Haisemi kwamba bei ni ya haki wala kwamba mzigo utalipiwa. Huwa pia na orodha ndefu ya mambo ambayo wakili ameyachukulia kuwa kweli bila kuyachunguza, kwa mfano kwamba nakala alizoletewa ni sahihi. Na kwa kawaida humlinda yule tu aliyetajwa kuwa mpokeaji. Msafirishaji anayeonyeshwa nakala ya barua iliyoandikiwa benki hana kitu mkononi.

SIRI YA MTEJA NA SHERIA YA FEDHA HARAMU

Wakili anabanwa na pande mbili. Upande mmoja ni wajibu wa kutunza siri ya mteja. Upande wa pili ni sheria ya mwaka 2002 ya kupambana na fedha haramu, ambayo humtaka amtambue mmiliki halisi wa kampuni anayoishughulikia na kutoa taarifa ya shughuli za kutia shaka, isipokuwa habari zinazolindwa na siri ya wakili na mteja. Akishatoa taarifa haruhusiwi kumdokezea mteja. Malipo yanapochelewa bila maelezo, huenda sababu ni uchunguzi wa aina hiyo.

Masharti yameongezeka miaka ya karibuni. Mwaka 2019 nyaraka za ofisi moja ya mawakili ya huko zilivuja na kuchapishwa na waandishi wa habari wa nchi mbalimbali. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha mkataba wa kodi baina ya Kenya na Mauritius, kwa sababu haukuwasilishwa bungeni kama sheria inavyotaka. Februari 2020 Mauritius iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu fedha haramu, ikaondolewa Oktoba 2021.

MFANYABIASHARA AANGALIE NINI

Kwanza, wakili wa Port Louis ni wa yule anayemlipa. Hata akiwa mwaminifu kabisa, hana wajibu wa kumwonya msafirishaji kwamba kampuni haina mali. Kila upande uwe na wakili wake.

Pili, barua ya maoni isomwe hadi mwisho, hasa jina la mpokeaji na orodha ya mambo yasiyochunguzwa. Msafirishaji aombe atajwe kwa jina.

Tatu, ipatikane hati mpya kutoka kwa Msajili wa Makampuni inayoonyesha kwamba kampuni bado hai. Majina ya wamiliki halisi hayatolewi kwa kila anayeuliza, hivyo mteja mwenyewe atakiwe kuyataja kabla ya kutia saini.

Nne, dhamana itafutwe mahali mali ilipo. Malipo ya awali, dhamana ya benki inayofahamika au dhamana ya kampuni mama yenye mali halisi vina nguvu kuliko barua ya wakili.

Tano, kifungu cha migogoro kisirukwe. Mauritius ina Sheria ya Usuluhishi wa Kimataifa ya mwaka 2008 na inafuata Mkataba wa New York wa mwaka 1958, kama Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Uamuzi wa wasuluhishi unaweza kutekelezwa katika nchi hizo zote. Hukumu ya mahakama ya nyumbani hulazimika kwanza kuombewa kibali mbele ya mahakama ya Mauritius kabla ya kugusa mali iliyoko huko.

Muda wa kuuliza maswali haya ni kabla lori halijapakia. Mzigo ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa, mafuta na mishahara ya madereva vimekwisha kulipwa na mwenye lori.