Mwili Usiokuwepo: Maonyesho ya Mavazi Yalivyogeuka Sanaa

Gauni hukatwa kwa ajili ya mtu atakayetembea, atakayegeuka, atakayetoka jasho. Likiingia makumbusho kama mali ya kuhifadhiwa, halivaliwi tena. Hapo ndipo kazi ya mpangaji wa maonyesho inapoanza: kuurudisha mwili pasipo mtu.

Jijini New York, mkusanyo wa Museum of Costume Art, ulioanzishwa mwaka 1937, uliunganishwa na jumba la sanaa la Metropolitan mwaka 1946. Mwaka 1972 jumba hilo likamwita awe mshauri wake wa mavazi Diana Vreeland, aliyekuwa mhariri mkuu wa jarida la Vogue hadi mwaka uliotangulia. Maonyesho yake ya kwanza, mwaka 1973, yalikuwa ya kazi za mbunifu Mhispania Cristóbal Balenciaga. Vreeland alileta muziki ukumbini, akapanga manekini kama waigizaji jukwaani. Usahihi wa tarehe haukumkosesha usingizi. Wanahistoria walimlaumu, tena kwa haki, maana mgeni aliweza kutoka na picha ya zama ambazo hazikuwahi kuwapo. Hata hivyo, ni yeye aliyefanya watu wapange foleni kutazama nguo za marehemu. Mwaka 1983 alimpa maonyesho mbunifu Yves Saint Laurent, aliyekuwa hai na bado anauza, na mabishano kuhusu mpaka kati ya makumbusho na duka yanaendelea hadi leo.

Kwa mpangaji yeyote, kizuizi kikubwa zaidi ni mwanga. Hariri iliyochujuka haiponi, kwa hiyo wahifadhi huruhusu takribani luksi 50 tu, yaani mwanga hafifu. Mpangaji asiye na kipaji huona hilo kama adhabu. Aliye nacho hujenga kwa giza lenyewe.

Sijui mfano mzuri kuliko Savage Beauty, maonyesho ya mbunifu Alexander McQueen yaliyofunguliwa Metropolitan mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Msimamizi alikuwa Andrew Bolton. Kumbi zilibuniwa na Sam Gainsbury na Joseph Bennett, watu waliokuwa wamemtengenezea McQueen majukwaa akiwa hai. Hilo lina uzito. Walijua nguo zile zilivyokwenda, zilivyopepea, na muziki uliozisindikiza. Manekini zilifunikwa nyuso, jicho likabaki kwenye mshono. Mahali pamoja mwanamitindo Kate Moss alielea gizani ndani ya gauni jeupe, picha tupu iliyoakisiwa kwenye kioo kwa mbinu ya tamthilia za Uingereza za karne ya 19. Wageni 661,509 waliingia. Yalipohamia jumba la V&A jijini London mwaka 2015, milango ilibidi iachwe wazi usiku kucha siku za mwisho.

Lakini mwili unaorudishwa ni wa nani? Kwa miongo mingi manekini za makumbusho zilikuwa nyeupe, zenye pua na midomo ya Kizungu, hata zilipovaa kazi za Waafrika. Mwaka 2022, V&A ilipoandaa Africa Fashion chini ya msimamizi Christine Checinska, ilitengenezewa manekini mpya, sura yake ikimfuata mwanamitindo Adhel Bol. Juu ya manekini kama hizo nguo za Kofi Ansah wa Ghana na Shade Thomas-Fahm wa Nigeria zilikaa zilivyokusudiwa kukaa.