Nusukaputi

Nusukaputi ni neno la mseto: nusu lina asili ya Kiarabu, na kaputi latokana na kaputt la Kijerumani, yaani kilichoharibika au kufa. Ganzi hufisha hisia za sehemu moja tu, mgonjwa akiwa macho; nusukaputi humlaza mzima. Daktari wa mifugo anayejifunza kumlaza paka hana budi kuzitofautisha mapema.

Jina hili, kwa ukali wake, ni la kweli kuliko "dawa ya usingizi". Aliyelala usingizi wa kawaida hupumua bila msaada. Aliyepewa nusukaputi huenda akahitaji mpira kooni. Koo la paka hujikaza likiguswa, ndiyo maana hudondoshewa kwanza ganzi ya lidokeini, kisha husubiriwa kidogo. Mwili wake mdogo nao hupoa upesi.

Utafiti uliofanywa Uingereza mwaka 2002 hadi 2004 ulionyesha vifo vya takriban mbwa 17 na paka 24 katika kila 10,000 waliolazwa kwa dawa. Zaidi ya nusu vilitokea baada ya upasuaji, vingi ndani ya saa 3 za kwanza, wakati ambapo ni rahisi mno kumwacha mnyama peke yake.